Hanga za jeti karibu na hifadhi ya Minute Man, mtu wa kawaida anafanya nini?

MamaLowell: Wadau habari zenu. Niko Lowell, Massachusetts, na wikendi tukipata nafasi tunapeleka watoto Concord kwa ile hifadhi ya Minute Man, pale North Bridge wakulima walipopigana na wanajeshi wa Mwingereza 19 Aprili 1775. Juzi ranja anaelezea watoto vita, jeti ikapita, akanyamaza akangoja, hajamaliza sentensi ikaja ingine. Halafu nasikia kuna mradi wa hanga 27, yaani mabanda ya kulaza jeti za matajiri, kwa uwanja wa ndege wa Hanscom hapo karibu. Kwani hakuna sheria? Na mimi sina uraia bado, nikiandika nitasikizwa kweli?

mzee_wa_makaratasi: Sheria ipo dada, ya 1966, watu huiita 4(f), jina la kifungu chake. Serikali kuu haiwezi kupitisha mradi wa usafiri unaotumia hifadhi ya umma ama mahali pa kihistoria kama kuna njia ingine ya maana. Shida iko kwa hilo neno "kutumia", manake hapa hakuna anayekata hata inchi moja ya hifadhi, ni kelele tu, na kelele lazima uonyeshe imeharibu kabisa kile watu wanachoendea pale. Kwa hivyo hiyo ya ranja kunyamaza usiipuuze, weka tarehe na saa.

Kibe_77: Na kuna upande wa jimbo. Wenye mradi walisema ati hanga zitapunguza safari, kwa sababu jeti hushusha bosi halafu inaruka tupu kwenda kulala kwingine, kisha inarudi kumchukua. Ujanja huo! Juni 2024 waziri wa mazingira wa jimbo akasema ripoti yao haijatosha. Mwezi uliotangulia National Trust, shirika la kutetea sehemu za kihistoria, walikuwa wameweka hifadhi hiyo pamoja na Walden, lile ziwa la hapo Concord, kwa orodha yao ya sehemu 11 zilizo hatarini zaidi. Maoni tuma tu, uraia si lazima.

otis_wa_langata: Nyinyi mnalia kelele, sisi huku Kenya reli ya SGR imepita juu ya Nairobi National Park kwa daraja la kilomita 6 hivi. Tribunali ya mazingira ilisema simama 2016, zilizosimama ni nguzo 😂

MamaLowell: 😂😂 pole bana. Asanteni, Jumamosi naenda na daftari. Kijana wangu ndiye atahesabu jeti, vita vyenyewe havimshughulishi hata.