Yule bwana wa "rudisha mizani" amevuka mpaka leo

Mtema Ganda (mleta uzi)

Wakuu, simtaji jina na hamhitaji jina. Ni yule yule mwenye mashine ya kujazia risasi inayotaka chumba chake, kiyoyozi chake na bima yake, anayejibu swali kabla halijaisha kuulizwa. Leo kijana mgeni huku Marekani ameuliza kwa adabu kabisa: mfuko wake mdogo, anataka kuanza kujaza upya maganda ya risasi za rivolva za .38 Special, ameshanunua mizani ya mkono wa kubembea na kitabu cha vipimo, sasa aongeze nini? Bwana mkubwa akamjibu mbele ya kadamnasi: "Rudisha mizani dukani, ongezea hela ununue mashine ya maana. Baruti inapimwa kwa jicho."

Rudisha mizani!

Angemwambia arudishe beseni la kuoshea maganda, ningenyamaza. Angemwambia arudishe meza, kiti na taa, ajazie gizani akiwa amechuchumaa, bado ningesema ni mawazo yake. Lakini mizani? Kwa .38 Special?

Ganda hilo ni la tangu 1898 na urefu wake ni wa enzi ya baruti nyeusi, iliyojaa ganda zima. Baruti ya leo isiyo na moshi, hasa ile inayowaka haraka, inakaa chini kabisa ya ganda. Ukimwaga dozi mara mbili ganda halifuriki. Ukimwaga mara tatu, kwa baruti nyingine, bado halifuriki. Jicho litaona nini humo? Silinda ya rivolva ikipasuka haikuulizi ulikuwa na mashine ya dola 1000. Na huyu mtu anapima baruti kama chumvi ya mboga, kisha anamtuma mtoto wa watu dukani na risiti mkononi.

Kijana, kama unasoma, mizani usirudishe. Ongeza hivi: presi (kifaa cha kukandamizia ganda) ya mkono au ya kituo kimoja, ambayo mpya hupatikana chini ya dola 100, seti ya kalibu (vifaa vya kurudishia ganda umbo lake) za .38/.357 yenye pete ya kabaidi, ile metali ngumu, kalipa ya kupimia urefu, kibao chenye matundu 50, tochi, na miwani ya kukinga macho. Hiyo kabaidi ndiyo ya kulipia, kwa sababu maganda yaliyonyooka ya bastola hayahitaji mafuta ukiwa nayo. Kibao unaweza kukitoboa mwenyewe kwenye ubao.

Halafu kazi inakwenda kwa zamu. Osha maganda, kagua nyufa mdomoni na kwenye kitako, yapitishe kwenye kalibu ya kwanza inayobana ganda na kutoa fataki kuukuu, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti. Panua mdomo kidogo tu, kiasi cha kichwa cha risasi kukaa bila kukwaruzwa, maana ukizidisha ganda linapasuka mapema. Weka fataki mpya hadi iwe sawa na kitako au chini yake kwa unywele, kamwe isichomoze. Pima baruti, weka maganda yote kwenye kibao, mulika tochi kila ganda ulinganishe kina cha baruti. Ndipo uweke kichwa na kubana mdomo.

Na dozi unaanza na ile ya chini iliyoandikwa kitabuni. Ya juu huigusi siku ya kwanza, na ya kuambiwa na mtu huigusi kabisa, hata akiwa na mashine tisa.

Rudisha mizani! Bado naisikia.

---

Shabaha Moja

Hahaha, mkuu umepiga kelele aya zote hizo na hukumwambia kijana namna ya kujua hiyo mizani yenyewe inasema kweli. Mizani mbovu ni hatari kuliko kukosa mizani, kwa sababu unaiamini.

Sarafu ya senti tano ya Marekani ina uzito wa gramu 5 kamili, sawa na greni 77.2, na greni ndicho kipimo cha uzito wa baruti. Senti moja zilizotolewa kuanzia 1983 ni gramu 2.5, greni 38.6. Chukua safi ambazo hazijachakaa, ziweke kabla ya kuanza na baada ya kumaliza. Ya kubembea haihitaji betri na haihamihami, ila feni ikipuliza itacheza. Ya betri ukiiwasha sasa hivi itadanganya, iache ipate joto kwanza, na simu usiiweke karibu.

---

Mzee Rula

Mleta uzi, hasira zako nimezisoma, lakini kwa nini umemtajia kijana presi wakati kuna kile kiboksi cha kampuni ya Lee cha kujazia kwa kugonga na nyundo? Kipo tangu 1958, kinaingia mfukoni na kijiko chake cha kupimia baruti kimo ndani. Mwenye mfuko mdogo aanzie hapo.

---

Binti Fataki

Mzee wangu shikamoo, lakini hapo umerahisisha. Kile cha nyundo kwa maganda ya raifo kinabana shingo tu, ile sehemu nyembamba ya mdomoni. Ganda lililofyatuliwa kwenye bunduki ya jirani linaweza kugoma kuingia kwenye yako. Na fataki unaigongelea ndani kwa nyundo, mara moja moja inalipuka, kwa hiyo bila miwani na kitu cha kukinga masikio usiguse.

Kijiko nacho kinapima ujazo, hakipimi uzito. Kila baruti ina ujazo wake, hivyo bila jedwali linalotaja baruti hiyo hiyo kwa jina na namba, kijiko hakina maana. Chota, usishindilie, kata juu kwa kadi, kisha hakiki dozi kadhaa kwenye... mizani. Ile ile ya kurudishwa dukani.

---

Mtema Ganda (mleta uzi)

Asante dada! RUDISHA MIZANI. Watu mmeona lakini? Mbele ya mgeni!

---

Kobe wa Ohio

Tumeona mkuu, kunywa maji.

Mnamsema huyo bwana wakati wezi halisi ni viwanja vya shabaha. Kuna kiwanja kimoja hapa, walio karibu wanakijua, kina bango: ganda likigusa sakafu ni mali ya kiwanja. Ganda ndilo sehemu ya bei kubwa kuliko zote kwenye risasi mpya, na ndilo pekee unalolitumia tena na tena. Unalipia risasi, unalipia kiingilio, halafu shaba yako, yaani maganda, inafagiwa mbele ya macho yako, kesho inauzwa kwa ndoo. Ukiinama kufunga kamba ya kiatu unatazamwa mfukoni!

---

Shabaha Moja

Ndiyo maana rivolva inamfaa maskini. Maganda yanabaki kwenye silinda, unayamwaga mkononi. Mwenye bastola ya 9mm anatupiwa shaba yake hadi njia ya jirani.

Mnaookota, bebeni sumaku. Linalonata ni chuma, liache. La alumini halinati lakini ni jepesi na rangi yake ya kijivu, liache pia. Kisha chungulia ndani kwa tochi: tundu moja katikati ni mfumo wa Boxer, hilo linajazika kirahisi. Matundu mawili madogo ni Berdan, ukilibana kwenye kalibu unavunja pini.

---

Dada wa Houston

Kiwanja kina nafuu, Kobe. Mimi kilio changu ni ada ya usafirishaji wa vitu vya hatari. Ukiagiza kopo moja la baruti mtandaoni, ada inakaribia kumeza faida yote uliyokuwa unaikimbilia. Na haijali ukubwa wa mzigo sana, ndiyo inayouma! Kopo moja inalipa, makopo kadhaa kwenye boksi moja bado ni ada moja.

Dawa ni watu wachache kuagiza pamoja, au kununua dukani ana kwa ana. Ratili moja ina greni 7000. Tuchukulie kwa hesabu tu dozi ya greni 5, hiyo ni risasi 1400, kwa hiyo wa bastola hana haraka ya kuagiza. Wa raifo anayekula greni 25 kila ganda anapata 280 tu, na huyo ndiye analia na mimi.

Lakini mkigawana gharama msigawane kopo. Baruti haihamishwi kwenye chupa nyingine, na mezani linakaa kopo moja tu la aina unayotumia. Rangi na umbo havitambulishi baruti. Ukisahau ni ipi, imekwisha, hiyo haijazwi kwenye ganda lolote.

---

Mwana wa Gobore

Na wale walionunua fataki zote 2020 na 2021 hadi rafu zikabaki na vumbi? Hao hamuwataji? Wengine bado wamezikalia!

Halafu wanazimwaga kwenye chupa ya glasi ili zipendeze. Fataki hukaa kwenye trei zake za kiwandani basi. Zikirundikana pamoja, moja ikilipuka zinafuata zote.

---

Mwakazi

Wakuu, niko Mombasa. Hii naweza kuifanya nyumbani? Vifaa naona vinauzwa mtandaoni.

---

Binti Fataki

Hapana kaka. Marekani sheria ya shirikisho haidai leseni kwa anayejaza za kutumia mwenyewe, inadai kwa anayetengeneza za kuuza. Kenya sheria ya silaha hairuhusu mtu kutengeneza risasi bila kibali, na Tanzania ni hivyo hivyo chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Usiagize kitu.

---

Mtema Ganda (mleta uzi)

Jamani tumetoka kwenye mada. Mada ni mizani.

---

Kobe wa Ohio

Mada ni shaba yangu mkuu.

---

Mzee Rula

Mwenye maganda ya .223 ya jeshini, yale yenye alama ya duara na msalaba, angalia mfuko wa fataki, lile tundu inamokaa. Umebanwa kiwandani, fataki mpya itaingia imepinda au ipondeke. Ondoa ule ukingo kwa kifaa cha kukereza, cha mkono kinatosha. Na pima urefu baada ya kupitisha kwenye kalibu, siyo kabla: ukomo ni inchi 1.760, unakata hadi 1.750. Hayo ya shingo yanataka mafuta hata kalibu iwe ya nini. Kidogo sana, ganda linakwama kwenye kalibu. Mengi, bega, pale shingo inapoanzia, linabonyea.

---

Dada wa Houston

Mafuta yafuteni kabla ya baruti. Na kuosha, maji ya moto, sabuni ya vyombo na chembe za asidi ya limao zinatosha, mashine ya kusugua si lazima. Kitu chenye amonia msiguse, kinadhoofisha shaba. Maji hayo yana madini ya risasi (lead) yenye sumu kutoka kwenye fataki, msiyamwage kwenye sinki la jikoni, na watoto wasikae karibu.

---

Shabaha Moja

Aliyebuni .45 zenye fataki ndogo ndiye wa kufunguliwa uzi. Maganda yanafanana kabisa nje, unabana fataki kubwa kwenye tundu dogo, trei nzima imeharibika.

---

Mwana wa Gobore

Chambueni kitako kikiwa juu kabla ya kuosha. Nina ndoo nzima ya maganda ya fataki ndogo, nani ana ya fataki kubwa tubadilishane? Niko Columbus.

---

Kobe wa Ohio

Mimi hapa, ninazo kama mia tatu. Zimeshatolewa fataki?