Nani Anaongea Kwenye Sabufa Yangu?

*Jumamosi*

[21:14] Mama Zawadi: Hodi humu jamani. Kuna mtu anaongea kwenye sabufa yangu.

[21:14] Mama Zawadi: TV imezimwa. Simu sijaiunganisha. Inakwaruza kama bata aliyekabwa shingo, inanyamaza, halafu inaanza tena.

[21:15] Bi Rehema: Audhubillahi

[21:15] Kijana wa Juu: Zima blutuzi mama

[21:16] Mama Zawadi: Nimezima kila kitu mwanangu. Hata sauti nimeishusha mpaka sifuri, bata yupo palepale.

[21:17] Mzee Athumani: Redio yangu nayo siku ya nne leo ni mvumo tu, vuuuuuu. Nilinyamaza nikidhani ni uzee. Wa redio.

[21:18] Bi Rehema: Mimi sitaki kumsingizia mtu. Ila ule waya juu ya paa la Baba Imani haukufungwa wa kuanikia nguo. Na yangu mimi usiku siyasemi.

[21:18] Kijana wa Juu: 😂😂

[21:26] Baba Imani: Habari za jioni majirani. Niwieni radhi, nilikuwa hewani kwenye redio yangu ya ridhaa, ile ya kuongea na wenzangu wa mbali bila malipo, ndiyo kwanza naona. Mama Zawadi, huyo bata huenda ni mimi. Nimezima mtambo dakika hii. Amenyamaza?

[21:27] Mama Zawadi: Kimya kabisa.

[21:27] Baba Imani: Basi ni mimi. Pole sana shemeji. Leo sirushi tena, na kesho asubuhi tulitafute tatizo kama utaniruhusu.

[21:28] Bi Rehema: Nilisema mimi

[21:29] Mzee Athumani: Na mvumo wangu?

[21:31] Baba Imani: Shikamoo Mzee. Unaanza saa ngapi, unaisha saa ngapi?

[21:32] Mzee Athumani: Marahaba. Giza likiingia unaanza. Mpaka alfajiri.

[21:36] Baba Imani: Nimefungua daftari langu. Kila nikirusha naandika tarehe, saa, masafa na nguvu niliyotumia. Alhamisi na jana sikurusha kabisa. Tena mimi hurusha dakika moja, nikanyamaza kumsikiliza mwenzangu. Mvumo wa usiku kucha usiokatika una mwenyewe mwingine.

[21:37] Bi Rehema: Daftari umeandika mwenyewe kwa mkono wako

[21:37] Baba Imani: Kweli Bi Rehema. Ndiyo maana nataka tupime mbele ya watu.

[21:39] Kijana wa Juu: Baba Imani kwa nini bata? Si unaongea Kiswahili kama sisi

[21:43] Baba Imani: Redio hizi za ridhaa hurusha sauti iliyokatwa nusu ili isichukue nafasi kubwa hewani. Redio ya mwenzangu ina sehemu ya kurudishia kilichoondolewa, ndipo anasikia mtu. Sabufa haina, kwa hiyo inatoa vipande vyangu vilivyobaki.

[21:44] Mama Zawadi: Sasa sabufa inapokeaje redio na si redio?

[21:50] Baba Imani: Hapo ndipo penyewe. Mwingiliano una milango miwili. Wa kwanza ni wangu: mtambo kumwaga mawimbi nje ya masafa niliyopewa. Kila mtambo hutoa pacha dhaifu kwa mara mbili na mara tatu ya masafa yake. Ukirusha megahezi 50.15 pacha wake anaangukia 100.3, katikati ya stesheni za FM. Huyo nisipomchuja ni kosa langu, hakuna mjadala. Nina chujio baada ya mtambo, linaachia chini ya megahezi 30 na kuzuia yaliyo juu. Na TV ya kwangu ipo chumba cha pili, nikirusha haitetereki.

[21:55] Baba Imani: Mlango wa pili ni wa kifaa. Nyaya za spika ni ndefu, nazo kwa wimbi langu ni antena kama antena nyingine. Wimbi linaingia mpaka kwenye transista ya kukuza sauti, transista inalikata upande mmoja, kinachobaki ni sauti. Ndiyo maana kushusha sauti hakukusaidia, linaingia baada ya kitufe. Hapo hata niweke machujio kumi kwangu ni bure, maana kinachoingia ni masafa yangu halali yenyewe.

[21:56] Kijana wa Juu: Kwa hiyo kosa la mama kununua sabufa 🤔

[21:58] Baba Imani: Sijasema hivyo hata kidogo. Yeye hakununua sabufa ili anisikie mimi. Kazi ya kutafuta ni yangu.

[21:59] Bi Rehema: Hapo umesema

*Jumapili*

[10:02] Baba Imani: Asalaam majirani. Kijana yuko kwa Mama Zawadi, mimi niko mezani kwangu. Nitarusha sekunde 10, nataja namba yangu ya kituo, nanyamaza. Megahezi 14.2, wati 100, kama jana. Tayari?

[10:03] Kijana wa Juu: Tayari

[10:03] Baba Imani: Narusha

[10:03] Kijana wa Juu: Bata huyooo

[10:04] Baba Imani: Chomoa waya unaotoka kwenye TV. Huo tu. Usiguse kingine.

[10:05] Kijana wa Juu: Nimechomoa

[10:05] Baba Imani: Narusha

[10:05] Kijana wa Juu: Yupo vilevile

[10:06] Baba Imani: Uache nje huo. Sasa chomoa spika ya kushoto.

[10:07] Kijana wa Juu: Tayari

[10:07] Kijana wa Juu: Eh! Amebaki kwa mbali sana, mpaka utege sikio

[10:08] Baba Imani: Rudisha ya kushoto, tuhakikishe.

[10:09] Kijana wa Juu: Karudi kwa nguvu zote

[10:09] Mama Zawadi: Mimi nimekaa na ufagio, msijali 😅

[10:10] Baba Imani: Waya wa hiyo spika una urefu gani?

[10:13] Kijana wa Juu: Umezunguka mlango kwenda pembeni. Nimepima kwa hatua, mita 5 na kidogo

[10:15] Baba Imani: Ahaa. Wimbi la megahezi 14.2 lina urefu wa mita 21 hivi. Robo yake ni mita 5 na kidogo. Mama Zawadi amenijengea antena ya kipimo bila kujua.

[10:16] Mama Zawadi: Aliyevuta waya ni fundi, si mimi

[10:17] Baba Imani: Nakuja na pete.

[10:58] Kijana wa Juu: Ripoti kwa ambao hawakuwepo. Ni pete nyeusi za feraiti, kauri yenye chuma inayozuia wimbi la redio lisipite kwenye waya. Waya wa spika unaupitisha katikati ya pete na kuuzungusha, pete inakaa karibu na sabufa, si kule kwenye spika. Tulipitisha mara moja, bata hakujali. Mara tano, akawa kama mbu. Baba Imani anasema kizuizi kinakua kwa kipeo cha pili cha mizunguko, kwa hiyo mitano ni kama mara 25 ya mmoja. Tukafika kumi na mbili, kimya.

[10:59] Kijana wa Juu: Mbu aliyebaki alikuwa anapitia waya wa umeme. Pete nyingine huko. Kwisha habari yake

[11:04] Baba Imani: Niongeze jambo, maana watu huokota pete kwenye makorokoro ya zamani wakadhani zote ni moja. Feraiti ina aina. Kwa masafa haya ya chini ya megahezi 30 natumia ile iitwayo namba 31. Iliyotengenezwa kwa masafa mengine inakaa pale kama bangili tu.

[11:06] Mzee Athumani: Na wewe kwako umerekebisha nini? Au pete ni za Mama Zawadi peke yake?

[11:15] Baba Imani: Swali la haki Mzee. Nimekuta mawili kwangu. Kipaza sauti nilikifungulia mno, nikawa namwaga hata pembeni ya masafa yangu. Hilo ni aibu, nimelipunguza. La pili, mkondo ulikuwa unarudi kwa nje ya kebo ya antena na kebo inapita ukutani kuelekea nyumba zenu, yaani kebo nayo ilikuwa inarusha. Nimeizungusha kwenye pete kubwa pale inapokutana na antena.

[11:21] Kijana wa Juu: Mimi nimepiga hesabu. Antena yake ni waya wa mita 10 uliolishwa katikati, na hadi ukuta wa mama ni mita 10. Kwa wati 100 nguvu ya wimbi pale ni kama volti 7 kwa mita. Vifaa vingi vya nyumbani hupimwa uvumilivu kwenye volti 3 kwa mita. Ndiyo maana!

[11:24] Baba Imani: Umeniumbua lakini ni kweli. Hesabu hiyo ni ya mahali pasipo kuta wala mabati, ila sura ya jambo ndiyo hiyo. Nguvu ikiwa robo wimbi linabaki nusu. Umbali ukiwa mara mbili, nusu tena. Nimeshuka wati 25, na wiki hii nahamisha antena iwe mita 20 kutoka kwa Mama Zawadi, na juu zaidi. Tutafika chini ya volti 2.

[11:25] Mama Zawadi: Wenzio watakusikia kweli?

[11:27] Baba Imani: Kutoka 100 kwenda 25, sindano ya kipimo kwao inashuka alama moja tu. Hawatajua hata kama nimepunguza. Nilikuwa nakutesa kwa alama moja shemeji.

[11:28] Bi Rehema: Antena ikipanda juu haitaita radi?

[11:29] Baba Imani: Kuna wingu nachomoa kebo na kuitoa nje ya nyumba Bi Rehema, sichezi na hilo.

[19:20] Mzee Athumani: Mvumo umeanza. Vuuuuuu. Na yeye yuko hapa kwangu ameshika kikombe, kwa hiyo si yeye.

[19:21] Bi Rehema: Nimesoma

[19:24] Mzee Athumani: Ameniambia niweke redio kwenye betri, nizime meni swichi ya nyumba nzima. Tumekaa gizani kama wezi.

[19:25] Mzee Athumani: Mvumo umekatika! Redio inaongea safi.

[19:27] Kijana wa Juu: Basi mchawi yuko ndani ya nyumba Mzee

[19:29] Mzee Athumani: Tunarudisha breka moja moja. Ya jikoni, safi. Ya sebuleni, safi. Ya nje, vuuuuuu.

[19:30] Mzee Athumani: Ya nje ina taa moja tu. Ile ya LED aliyonifungia mjukuu Jumatano.

[19:31] Kijana wa Juu: Siku ya nne jana 😂

[19:35] Baba Imani: Ndiyo hiyo. Inajiwasha jioni na kujizima alfajiri. Ndani ina saketi ya kupunguza umeme inayowaka na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde, isipochujwa vizuri inavuma kwenye masafa mengi. Na mimi kwenye megahezi 7 siku hizi nne sikuwa nasikia kitu usiku, nikasingizia hali ya anga. Kumbe ni Mzee.

[19:36] Mzee Athumani: Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nakusumbua wewe

[19:36] Baba Imani: Sana Mzee 😅

[19:38] Mzee Athumani: Kesho taa inarudi ilikotoka. Mjukuu nitamweleza kwa upole.

[19:52] Bi Rehema: Baba Imani

[19:52] Baba Imani: Naam Bi Rehema

[19:54] Bi Rehema: Ile taa yangu ya kitandani, ya kuwasha kwa kuigusa. Huwa inajiwasha yenyewe usiku. Inawaka, inazima, inawaka. Miezi mitatu nasoma dua.

[19:55] Baba Imani: Saa ngapi huwa?

[19:56] Bi Rehema: Saa tatu tatu hivi. Na leo asubuhi saa nne, mlipokuwa mnapima. Nilihesabu mara nne. Sikutaka kusema mbele za watu.

[19:58] Baba Imani: Lo. Taa za kugusa zinahisi mkono wako kwa badiliko dogo sana la umeme, wimbi langu nalo linaifanya idhani imeguswa. Ni katika vifaa vyepesi kuliko vyote kusumbuliwa. Nisamehe sana. Kesho nakuletea pete.

[19:59] Kijana wa Juu: Baba Imani anampelekea Bi Rehema pete, na Mama Imani yumo humu

[20:00] Mama Imani: Nipo. Nasoma.