Wanafunzi wa saikolojia wamenichezea akili, halafu wananiita "mshiriki namba 7"!

Wakuu salaam.

Nimejizuia wiki nzima nisifungue huu uzi, leo nimeshindwa. Kama kuna mwanafunzi au mhadhiri wa saikolojia humu, asome mpaka mwisho, maana nawasema nyie.

Alhamisi ile nimetoka maktaba ya chuo (sitakitaja, sitaki kesi juu ya aibu), saa tisa mchana, njaa inauma. Anakuja dada mmoja, mzuri wa kweli wakuu, siyo mzuri wa filta. Ananisalimia, ananiambia: "Nimekuwa nakuona hapa chuoni, unanivutia sana. Tutoke wote leo jioni?" Bila kupepesa macho! Miaka miwili pale chuoni hakuna msichana aliyewahi kuniuliza hata saa. Nikakubali kabla hajafunga mdomo. Akabofya kitu kwenye simu, nikajua anaandika jina langu, kisha akasema tukutane saa kumi na mbili kwenye mabanda ya chipsi nje ya geti.

Boom, ile pesa ya mkopo wa chuo, lilikuwa limeshakata siku nyingi. Nikakopa elfu ishirini kwa jamaa ninayeishi naye geto, nikapita kinyozi, nikapiga pasi shati la kaka. Kufika nikaagiza chipsi kuku sahani mbili mapema, kuku wa pale huwa wanaisha. Nikakaa mpaka saa tatu na nusu usiku natazama mafuta yanaganda. Hakuja mtu.

Wiki iliyofuata mshikaji anayesoma saikolojia ananipigia, anacheka mpaka anakohoa. Kumbe lilikuwa jaribio la kozi yao! Wamesimama mbele ya darasa na kusoma: "Mshiriki wa kiume namba 7, shati la kijani, begi limekatika mkanda, alikubali kabla swali halijaisha." Darasa zima hoi. Namba 7 ndiye mimi.

Nikaingia kusoma. Wakuu, hata ile sentensi siyo yao! Ni ya wanasaikolojia Russell Clark na Elaine Hatfield, kwenye jaribio la Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida, Marekani, mwaka 1978, likarudiwa 1982. Wanafunzi walitumwa kuwafuata wenzao wa jinsia nyingine wasiowajua na kuwatupia maneno hayo hayo. Walioombwa kutoka tu, wake kwa waume, kama nusu walikubali. Walioombwa kwenda kulala pamoja, mwaka 1978 wanaume robo tatu walisema ndiyo, wanawake hakuna hata mmoja. Yalichapishwa 1989. Sasa nyie mmerudia ili mgundue nini, kwamba mwanaume mwenye njaa hakatai?

Na kule mtu akishajibu, awe amekubali au amekataa, alielezwa kuwa ni utafiti na kushukuriwa. Nyie mmebeba sentensi mkaacha hiyo sehemu. Ingewachukua dakika moja!

Huyo Hatfield alianza zamani, enzi akiitwa Walster. Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota uliochapishwa 1966: wanafunzi wa mwaka wa kwanza 752 walikata tiketi za dansi wakiambiwa kompyuta itawatafutia wa kufanana nao. Uongo mtupu, walipangwa kwa bahati nasibu, kilichoangaliwa ni mwanaume asizidiwe urefu na mwenzake. Na wakati wanajiandikisha, kuna watu wanne pembeni wanawapa maksi za sura kimyakimya! Mwishoni ikaonekana sura ndiyo iliyoamua nani apendwe, akili na tabia hazikusaidia kitu. Nao walidanganywa, ila angalau walicheza muziki. Mimi nimekula chipsi baridi sahani mbili peke yangu.

Nimeenda idarani. Najibiwa, "Ni zoezi la darasani tu kijana wangu, usilikuze." Fomu ya ridhaa hakuna. Nani alisimamia, hawasemi. Naomba vitu vitatu: jibu langu lifutwe kwenye hiyo ripoti yao, yale maelezo ya shati na begi yatolewe, na huyo dada aniambie mwenyewe usoni kwamba ulikuwa utafiti. Wanaojua taratibu, naanzia ofisi gani hapo chuoni nikishavuka idara?

Elfu ishirini bado nadaiwa. Na mama wa chipsi kila nikipita ananiuliza, "Mwanangu, mgeni wako alifika?"