Neema amerudi likizo nyumba mpya, barua zake zimekwenda ya zamani

Kutoka: Mama Neema, Indianapolis

Wapendwa, habari za masiku. Nimekuwa kimya tangu Septemba kwa sababu ya kuhama. Tumetoka Columbus kwenye ile fleti tuliyokaa miaka tisa, sasa tuko Indianapolis, nyumba yetu wenyewe, tunamshukuru Mungu. Neema alikuwa ameshakwenda chuo wiki tatu kabla hatujapakia, kwa hiyo nyumba hii aliijua kwa picha za WhatsApp tu, hadi Jumamosi iliyopita aliposhuka kwenye basi.

Shida yangu ni hii. Grinikadi yake, ile kadi ya ukaazi wa kudumu, inaisha Februari. I-90, fomu ya kuomba kadi mpya, tuliijaza mtandaoni mwanzoni mwa Septemba, tukalipa dola 415, risiti ya I-797 ikaja vizuri. Wiki iliyofuata tukahama. AR-11, fomu ya kutoa taarifa ya anwani mpya, mimi sikujaza kwa kuwa nimeshaapa uraia, hainihusu tena. Baba yake alijaza ya kwake akidhani imebeba nyumba nzima. Haikubeba. Jana jirani wetu wa zamani, mama Msomali wa ghorofa ya chini, kanipigia simu: kuna bahasha tatu za Neema zimekaa juu ya masanduku ya barua tangu Oktoba. Nikamwomba azifungue anipigie picha. Moja ni ya kwenda kupigwa alama za vidole, tarehe 6 Novemba. Imepita.

Swali langu: akijaza AR-11 sasa aandike anwani ipi? Ya bweni kule Ohio, ambako analala miezi tisa ya mwaka, au hii ya kwetu Indiana? Maana ofisi ya vidole wanakupangia kwa kufuata anwani, na yeye anarudi chuoni tarehe 11 Januari.

Na kuna jingine ambalo si la fomu. Usiku ule wa kwanza alinifuata jikoni akaniuliza, "Mama, naweza kufungua friji?" Neema wangu, ambaye Columbus alikuwa anakula wali wa jana huku amesimama mlangoni mwa friji. Begi lake mpaka leo hajalifungua, anatoa nguo mojamoja na kuifunga zipu tena. Sijui niseme nini.

Kutoka: Njeri, Dallas

Mama Neema, pole sana. Usishtuke kuhusu kadi kuisha, ile risiti inaongeza miezi 24, atembee nayo pamoja na kadi ya zamani.

Anwani aandike ya bweni. Kijana wangu alipokuwa mwaka wa pili aliandika ya bweni na vidole alipigwa dakika ishirini kutoka chuoni, hakukosa hata kipindi kimoja. Angeandika ya hapa Dallas ningelazimika kumnunulia tiketi ya ndege kwa ajili ya vidole kumi.

Lakini mimi ningehofia ada kwanza. Nyinyi mmetoka Ohio na yeye anasoma chuo cha jimbo la Ohio. Wakijua wazazi wako Indiana si watamtoza kama mtu wa nje? Hiyo ni tofauti ya maelfu kwa mwaka. Angalia hilo kabla hujaandika Indiana mahali popote.

Kutoka: Mzee Kombo, Columbus

Njeri mwanangu, tuwe waangalifu, watu wanasoma hapa na kufuata. Miezi 24 ni ya N-400, fomu ya kuomba uraia. Ya I-90 ni miezi 36, tangu Septemba 2024. Mama Neema, soma risiti yenyewe, imeandikwa.

La ada pia si hivyo. Binti yetu wa pili alikuwa mwaka wa kwanza hapa Ohio tulipohamia Michigan kwa miaka miwili. Msajili alimwachia ada ileile ya mkaazi kwa sababu aliingia chuo akiwa mkaazi na hakukatisha masomo ya kutwa. Amwandikie msajili aulize, apate jibu la maandishi. Kuficha anwani ndiko kutakakomtia matatani. Mtu mwenye grinikadi anatakiwa kutoa taarifa ndani ya siku 10 za kuhama, kila mtu ya kwake, mtoto na mkubwa. Baba kujaza ya baba hakumsaidii Neema.

Na mbona hamkuona barua kwenye akaunti? Kama I-90 ilijazwa mtandaoni, nakala ya kila barua inaingia kwenye akaunti.

Anwani ni ya nyumbani. Bweni ni pa kupita.

Kutoka: Baba Zawadi, Louisville

Ndugu zangu, mimi naomba mtazame posta, kwa sababu sisi ndipo tulipopotelea. Tulihama mwaka juzi, tukajaza ile karatasi ya posta ya kuhamisha barua, tukachagua "familia". Barua za kwangu zikafuata, za watoto na za mama yao hazikufuata. Nikaenda kuuliza. Mama wa dirishani akanieleza: familia kwao ni watu wa jina moja la mwisho. Sisi Wakongomani kila mtoto ana jina lake mwenyewe. Tuko saba ndani ya nyumba na majina saba ya mwisho! Ilibidi nijaze karatasi saba. Na ninyi Watanzania si mtoto anabeba jina la baba, mama anabaki na la baba yake? Basi ni hayo hayo.

Halafu kuna bahasha za serikali zimeandikwa zirudishwe kwa mtumaji kama mwenyewe hayupo. Hizo hata ukijaza karatasi mia posta haizipeleki nyumba mpya. Kwa hiyo msitegemee posta kwa kadi.

Mtoto wa dada yangu yuko Ohio pia. Yeye alikwenda tu kwa DSO, yule afisa wa chuo wa wanafunzi wa kigeni, akamwambia nimehama, DSO akabadilisha SEVIS, daftari la serikali la wanafunzi hao, kazi ikaisha siku hiyo hiyo. Neema afanye hivyo.

La friji limenichoma. Zawadi wangu alipotoka chuo mara ya kwanza baada ya sisi kuhama, alimwambia rafiki yake amshushe kwenye nyumba ya zamani. Hakusahau kama tumehama, alijua. Alisema alitaka kuiona kwanza, akasimama barabarani kidogo, kisha akanipigia simu nimfuate. Sisi tulitoka Uvira tukakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka kumi na tatu, nyumba ya miti na udongo. Louisville, ile fleti ndogo, ndiyo ilikuwa nyumba yake ya kwanza yenye mlango wa kufunga kwa ufunguo. Mimi nilikuwa nahesabu vyumba vinne vya nyumba mpya, mtoto alikuwa anahesabu kile kimoja.

Kutoka: Mzee Kombo, Columbus

Baba Zawadi, kuhusu DSO hapana. DSO ni wa wanafunzi wenye viza ya masomo, kama F-1. Neema ana grinikadi, hayumo kwenye SEVIS, akienda kwa DSO atarudishwa mlangoni. Tusichanganye mambo. La majina ya posta umesema kweli, na mimi sikuwahi kulifikiria.

Mama Neema, umesema umeshaapa. Uliapa lini, na Neema alikuwa na umri gani siku hiyo? Kama alikuwa hajafika 18, ana grinikadi na anakaa na wewe, basi ni raia tangu siku uliyoinua mkono, kwa sheria iliyoanza kazi Februari 2001. Hahitaji I-90 hata kidogo. Achukue DS-11 aombe pasipoti, amalize.

Kutoka: Mama Neema, Indianapolis

Shikamoo Mzee Kombo. Akaunti ilifunguliwa kwa barua pepe ya shule yake ya sekondari. Alipomaliza walimfungia mwezi wa saba, lakini simu yake ilikuwa bado inaifungua, tukajua iko hai. Mwisho wa Septemba ikakataa kabisa. Msimbo wa kuingilia unatumwa huko huko.

Hilo la kuapa, Mzee, umegusa kidonda. Neema alitimiza 18 tarehe 3 Mei. Mimi niliapa tarehe 24 Mei. Nilikuwa nimepangiwa Aprili, ikaletwa barua ya mstari mmoja kwamba sherehe imeahirishwa. Sikujua maana yake. Nilifurahi hata, kwa kuwa siku ile nilikuwa na zamu hospitali. Wakili ndiye aliyenieleza baadaye, nikatoka ofisini kwake nikakaa kwenye gari hadi giza likaingia. Siku 21. Mdogo wake ana pasipoti, yeye hana. Hatujawahi kulisema mezani, ila anajua.

Kutoka: Njeri, Dallas

Nisamehe kwa ile 24, Mzee ana haki, nilichanganya na ya mume wangu.

Mama Neema, siku 21, jamani. Lakini kama ana miaka mitano ya grinikadi si ajaze N-400 yake mwenyewe? Ameshafika umri. Sisi Wakenya tuna nafuu, tangu Katiba ya 2010 mtu akiapa huku hapotezi kule. Sijui nyinyi Watanzania mnangoja nini kudai uraia pacha wenu.

Kutoka: Mzee Kombo, Columbus

Hatungoji, Njeri. Tumedai tangu enzi za Bunge la Katiba, mwaka 2014 tuliandika hadi vidole vikauma. Tunaambiwa hadhi maalum. Mimi nimezaliwa Malindi, Unguja, kaburi la mama yangu liko Mwanakwerekwe, na ninaingia kwetu kwa viza. Miaka mingi mtu asiye raia hakuruhusiwa kumiliki ardhi Tanzania Bara isipokuwa kwa njia ya uwekezaji. Mama Neema analifahamu hili, alikuwa na kiwanja Kibaha.

Kutoka: Baba Zawadi, Louisville

Kwetu Katiba, ibara ya 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja na wa pekee yake. Ukichukua mwingine umeachana nao. Lakini mawaziri wangapi wanajulikana wana pasipoti za Ulaya ndani ya mifuko? Sheria ni ya sisi tuliokimbia kwa miguu.

Kutoka: Bi Zuwena, Muscat

Assalaam aleikum. Huku kwetu fomu ni nyingine, sina la kuwasaidia, ila nimemsoma Mama Neema mara mbili.

Mwanangu alikuwa akisoma Malaysia. Sisi tulikuwa tukikaa Ruwi, nyumba ya juu, chini duka la vitambaa, kelele mpaka saa saba za usiku. Alipokuwa mwaka wa tatu tukahamia Barka, nyumba ina ua, ina mpera. Karudi likizo, kakaa siku nne kama mgeni, kila kitu "ahsante mama, tafadhali mama." Mimi nikaona adabu imezidi, nikajua kuna jambo. Siku ya tano nikamwambia, hizi sahani zimepangwa na mafundi waliotuhamisha, mimi mwenyewe sijui kitu kiko wapi, njoo tupange jikoni upya, useme wewe vikae wapi. Tumetoa vyote chini. Kaiona ile mbuzi ya kukunia nazi ya bibi yake, tuliyotoka nayo Unguja, kaikalia palepale sakafuni, mtu mzima wa miaka ishirini na mbili, analia. Nikamwacha. Baadaye kaniuliza, mchuzi wa pweza leo upo? Akaufuata sokoni mwenyewe.

Mama Neema, mpe kitu akipange kwa mkono wake. Usimwonyeshe nyumba, mwache aiharibu kidogo.

Kutoka: Baba Zawadi, Louisville

Bi Zuwena, ahsante. Nimemsomea mke wangu kwa sauti.

Kutoka: Mama Neema, Indianapolis

Nawashukuru wote. Jana asubuhi tumepiga simu uhamiaji. Ni Neema aliyezungumza, maana kwa kuwa ni mtu mzima mimi hawanisikilizi, nilikaa pembeni na karatasi ya namba. Tumesubiri dakika 50. Yule dada wa upande wa pili alikuwa mpole. Amesema ombi bado halijafungwa, wanaweza kumwombea tarehe nyingine ya vidole, na barua pepe ya akaunti wataibadilisha.

Tulipokuwa tunasubiri Neema alikuwa amekaa sakafuni anatoa vitu kwenye boksi lililoandikwa SEBULENI. Akakuta saa ya ukutani ya Columbus, ile iliyosimama saa nne kasoro miaka yote. Baba yake alitaka kuitupa. Kaitundika juu ya mlango wa jikoni, haina betri.

Kisha yule dada akamuuliza, barua mpya itumwe anwani ipi? Neema akanitazama. Nikamwambia amjibu kwamba tutapiga tena kesho.

Kwa hiyo Mzee Kombo, Njeri, na yeyote aliyepitia hili mwaka huu: ni bweni au ni hapa? Anaondoka tarehe 11, Jumapili.