Kwa nini kocha Ladouceur aliishia 399?

Swali
Wakuu, kijana wangu ameanza futiboli ya Kimarekani shuleni, nami nimeanza kusoma habari za makocha wa sekondari huku Marekani. Bob Ladouceur wa De La Salle, Concord, California, alistaafu Januari 2013 akiwa na ushindi 399, vipigo 25 na sare 3. Mechi moja tu zaidi angefika 400. Mtu anaachaje hapo?

Jibu
Mkuu, namba haikuwa kazi yake. Alipofika mwaka 1979, akiwa na miaka 25, shule ile haikuwahi kumaliza msimu ikiwa na ushindi mwingi kuliko vipigo. Walipopigwa na shule ya Pittsburg fainali ya 1991, hawakupoteza tena hadi Septemba 2004: mechi 151 mfululizo. Kisha timu akamwachia Justin Alumbaugh, mchezaji wake wa zamani. Lakini ukiniuliza mimi ameacha nini, nitakutajia kadi.

Kabla ya mechi kila mchezaji aliandika ahadi zake kwenye kadi, akamsomea mwenzake, na huyo ndiye wa kumdai. Kocha wangu wa sekondari, jimbo jingine kabisa, aliiga utaratibu huo. Nilicheza safu ya mbele, kazi isiyoonekana na mtu jukwaani: unazuia watu wasimfikie mrushaji wenu. Alhamisi moja niliandika kwamba sitalala chini kabla ya filimbi. Robo ya nne mapaja yakawaka moto, nikatamani kubaki chini ya lile rundo la watu. Nikamwona niliyemsomea kadi. Yuko nje, mguu umefungwa bandeji, hatazami mpira, ananitazama mimi. Nikainuka. Tulipigwa usiku ule, kwa ngapi sikumbuki. Kadi alinirudishia tulipomaliza shule, ninayo hadi leo.

Jibu
Ladouceur namheshimu sana, ila De La Salle ni shule ya binafsi, haifungwi na mipaka ya mtaa katika kuchukua wanafunzi. Msimsahau John McKissick wa Summerville, South Carolina. Shule ya umma, mji mmoja, kuanzia 1952 hadi msimu wa 2014, ushindi 621. Msimu wa mwisho alikuwa na miaka 88! Na mtoto aliyejitokeza mazoezini hakumkata kwenye timu, hata kama hajui kukimbia. Kwangu hilo linazidi mataji yake 10 ya jimbo.

Jibu
Kwa McKissick sibishi hata kidogo. Kumbakiza mtoto asiye na kipaji msimu mzima, ukamfundisha kwa bidii ileile, si makocha wengi wanaoweza.

Muulizaji
Asanteni sana. Kijana wangu naye yuko safu ya mbele, na mechi zote nne nilizokwenda nimekuwa nikiufuata mpira tu. Ijumaa hii nitamtazama yeye.