Reti za kontrakta wa IT Uingereza zinaporomoka, tatizo ni IR35 au soko limejaa?

kibarua_wa_java
Wakuu habari za saa hizi. Naomba mawazo ya mliozoea kontrakti za IT hapa Uingereza. Mi mtu wa Java na klaudi, mradi uliopita nilikuwa navuta paundi 500 kwa siku kupitia limitedi yangu (kampuni yangu mwenyewe), nje ya IR35, ile sheria ya kodi inayomkata kontrakta kama mwajiriwa kazi yake ikifanana na ajira, mambo safi. Mradi umeisha, narudi sokoni ajenti ananipigia na sauti ya furaha kabisa eti kuna dili ya 400, ndani ya IR35, ambrela tu (kampuni ya kati inayokuajiri na kukulipa mshahara), siku tatu ofisini. Kazi ileile, tena wameongeza na zamu za usiku seva zikianguka. Nikimwambia apandishe kidogo ananiambia wenzako wapo kwenye foleni. Sasa hii 400 mfukoni inabaki ngapi ukilinganisha na 500 ya zamani? Na limitedi niifunge au niiache ilale?

mzee_wa_hesabu
Mdogo wangu tupige hesabu, tuchukue siku 220 za kazi na viwango vya mwaka wa kodi 2025/26.

400 mara 220 ni 88,000. Hiyo si mshahara wako, hapo ndipo wengi wanaumia. Ambrela anakata kwanza chake, tuseme 1,200 kwa mwaka, halafu anakata NI (bima ya taifa) ya mwajiri 15% juu ya 5,000 na tozo ya mafunzo 0.5%, zote zinatoka kwenye hela yako. Mshahara kamili unabaki kama 75,800, na malipo ya likizo yamo humohumo. Kata kodi ya mapato na NI yako, unaondoka na kama 54,500, pensheni bado sijaigusa.

500 nje ya IR35, ukitoa gharama kama 3,000, ukajilipa mshahara mdogo wa 12,570 na kilichobaki ukachukua chote kama gawio, unapata karibu 70,000.

Ila sikia hili. 400 hiyohiyo ingekuwa nje ya IR35 ungepata kama 59,000. Kwahiyo kati ya hizo 15,500 unazopoteza, kama 4,700 tu ndo za kuwa ndani, zilizobaki zote ni reti kushuka. Raha ya limitedi ilishaliwa kimyakimya, kodi ya kampuni ilitoka 19% ikaenda hadi 25% Aprili 2023, na gawio lisilokatwa kodi lilikuwa 5,000 mwaka 2016 leo ni 500. Limitedi inakulipa zaidi kama una uwezo wa kuacha hela ndani ya kampuni au kuisukuma kwenye pensheni, ukiitoa yote kila mwaka tofauti si kubwa kama watu wanavyolia.

dada_wa_data
Mzee hesabu zako nazikubali ila hapo mwisho umewaachia wateja kirahisi. Reti imeshuka KWA SABABU ya sheria. IR35 ipo toka 2000 lakini kontrakta ndo alikuwa anajiamulia mwenyewe yuko ndani au nje, na mamlaka ya kodi, HMRC, wakimkamata ni shauri lake. 2017 wakahamishia uamuzi kwa mteja kwenye sekta ya umma, 2021 wakaleta kwa kampuni binafsi za kati na kubwa, na mteja akikosea deni linaweza kumrudia yeye. Sasa mwanasheria wa benki unadhani atakaa apime kila mtu, huyu anaweza kutuma mbadala wake, huyu anapangiwa saa za kazi? Wakafunga mlango kwa wote, mabenki makubwa yalianza kukataa limitedi hata kabla sheria haijaanza. Wote tukamwagwa kwenye ambrela, na wachache wakaongezewa reti kufidia, sisi wengine tukaambiwa chukua au acha. Septemba 2022 waziri wa fedha Kwarteng akatangaza anafuta hayo mabadiliko yote tukashangilia, wiki chache tu mrithi wake Hunt akarudisha kila kitu.

Halafu Aprili 2025 NI ya mwajiri ikatoka 13.8% ikawa 15%. Aliyeajiriwa moja kwa moja hiyo inamuuma bosi. Wa ambrela inamuuma yeye, maana reti ya ajenti haikusogea.

seva_moto
Dada sheria sawa lakini soko nalo lipo jamani. Kampuni zimesimamisha miradi, waliokuwa wameajiriwa wakaachishwa nao wakaja kwenye kontrakti, watu kumi kwenye nafasi moja unategemea nini? Hata wa nje ya IR35 nao reti zimeshuka, hao utasema wamepigwa na nini? Mi nilichukua ya chini nikanyamaza, rehani haisubiri mjadala.

dada_wa_data
@kibarua_wa_java kabla hujasaini dai vitu viwili. Cha kwanza waraka wa taarifa muhimu, ajenti analazimika kukupa toka Aprili 2020, unaonyesha mfano wa makato mpaka hela ya mwisho. Cha pili muulize mteja amepima kweli hiyo kazi na kutoa hati ya uamuzi, au "ndani ya IR35" ni lugha tu ya kusema hatutaki limitedi? Na ambrela anayekuahidi utabaki na 85% ya reti mkimbie, hesabu ya mzee umeiona inatoka kama 62%. Wa hivyo wengi wanakulipa "mkopo", halafu HMRC wanakuja kukudai wewe.

mzee_wa_hesabu
Kuhusu limitedi, kama akiba ya ndani haizidi 25,000 unaweza kuifuta kawaida ukatozwa kama faida ya mtaji. Ikizidi, tafuta mfilisi, ila ujue kodi yenye unafuu wa kuuza biashara ilikuwa 10%, Aprili 2025 ikawa 14%, Aprili 2026 18%. Mi ningeiacha ilale, unapeleka hesabu za kampuni iliyolala na taarifa ya mwaka basi, kesho ukipata kampuni ndogo ambayo sheria ya 2021 haiigusi unaiamsha.

kibarua_wa_java
Asanteni sana wakuu. Nimemuuliza ajenti, kakiri hati ya uamuzi hakuna, ni sera ya mteja, ambrela kwa wote.

dada_wa_data
Ndo nilichohisi. Ingekuwepo ungeweza kuipinga na mteja ana siku 45 za kukujibu. Kama hakuna kilichopimwa hakuna cha kupinga, umebaki na reti tu.

mzee_wa_hesabu
Ili ulingane na 500 yako ya zamani unahitaji kama 545 kwa ambrela. Hawatatoa hiyo. Anzia 470 na zamu za usiku zilipwe pembeni, akikataa zamu zitoke kwenye mkataba. Na hiyo iandikwe, simu isikutoshe.