Mrejesho: oda kuingia mara mbili mtu akirifreshi ukurasa

Wakuu, niliuliza kwa nini oda inajirudia mteja akirifreshi ukurasa wa "Asante". Ushauri wenu wa kuelekeza upya (kumtuma mteja kwenye anwani nyingine) baada ya POST (ombi linalotuma fomu kwa seva) umefanya kazi, ila haukumaliza yote.

Chanzo: seva ilijibu POST kwa HTML moja kwa moja, na 200 (msimbo wa "sawa"). Ukirifreshi, kivinjari kinarudia ombi la mwisho, yaani POST ileile. Sasa seva inahifadhi oda, kisha inajibu 303 (msimbo wa "nenda usome anwani hii") yenye `Location: /oda/418`. Kivinjari kinaifuata kwa GET (ombi la kusoma ukurasa), na kurifreshi kunasoma tu. Msiweke 307, hiyo inaihamisha POST nzima nzima kwenda anwani mpya.

Fomu ikiwa na makosa hakuna kuelekeza: irudishe palepale na 422 (msimbo wa data yenye makosa), alichojaza mtu kikiwemo, isipokuwa nywila.

Kilichosumbua ni kubofya mara mbili. POST mbili zinaondoka kabla 303 haijafika. Kuzima kitufe kwa JavaScript kunapunguza tu, hakuzuii. Dawa: seva ikitengeneza fomu inaweka tokeni ya nasibu (alama ya pekee ya fomu hiyo) kwenye sehemu iliyofichwa, na jedwali la oda lina safu ya tokeni yenye `UNIQUE` (sharti la kukataa thamani inayojirudia). POST ya pili ikigonga hapo, kamata kosa, tafuta oda ya kwanza, mpeleke mteja huko kwa 303 vilevile. Kuanza na SELECT (kutafuta tokeni) ndipo INSERT (kuingiza oda) hakutoshi, maana maombi yote mawili yanaweza kukuta jedwali bado halina tokeni hiyo.

Ujumbe wa "Oda imepokelewa" unakaa kwenye sesheni (data ambayo seva inamtunzia kila mteja), unafutwa ukishaonyeshwa.